Timu ya wanawake ya chuo kikuu Marekani: ushindi 14, lakini hawakuitwa kwenye mtoano wa kitaifa

Mjomba wa Kiungo aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Mpwa wangu anacheza nafasi ya kiungo katika timu ya wanawake ya chuo kikuu kimoja nchini Marekani, na msimu uliopita nilifuatilia karibu kila mechi yao kupitia matangazo ya mtandaoni. Walianza katikati ya Agosti kwa kasi kubwa, wakashinda mechi zao zote za mwanzo dhidi ya vyuo vya jirani, kisha wakaingia kwenye mechi za konferensi yao, yaani kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja kila msimu, na kuendelea vizuri tu. Mwishoni mwa Oktoba walikuwa na ushindi 14, vipigo 4 na sare 1. Katika mashindano ya konferensi walitolewa nusu fainali kwa bao la kona lililofungwa dakika za mwisho, na siku chache baadaye orodha ya timu 64 za mtoano wa kitaifa ilipotangazwa, jina la chuo chao halikuwamo.

Kilichonishangaza ni kwamba timu moja ambayo ilikuwa na ushindi 9 tu na vipigo 6 iliitwa. Mpwa wangu ananiambia kwamba "ratiba yetu ilikuwa nyepesi", lakini mimi nimezoea ligi ambamo pointi ndizo zinazosema, na sielewi ni vipi timu inaweza kuadhibiwa kwa kuwafunga wapinzani iliopangiwa. Naomba mwenye kufahamu utaratibu huu anieleze. Jambo la pili ni dogo: kwa nini ile sare yao iliishia dakika ya 90, ilhali niliwahi kuona mechi za vyuo zikiongezwa muda? Na kwa nini saa yao inahesabu kurudi nyuma?

Mchambuzi wa Pembeni alijibu:

Ndugu yangu, mpwa wako amekujibu kwa ufupi na amejibu sawasawa. Katika soka la vyuo la Marekani, hasa daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hakuna ligi moja ambamo wote wanakutana. Kuna mamia ya timu, na kila moja hucheza mechi zisizozidi 20 au hivi kabla ya mashindano ya konferensi. Nusu ya mwanzo ya msimu ni mechi ambazo makocha wenyewe huzipanga kwa makubaliano, na nusu ya pili ni za konferensi. Kwa hiyo timu mbili zinaweza kumaliza msimu bila kuwa na hata mpinzani mmoja waliyekutana naye wote, na hapo pointi haziwezi kulinganisha chochote.

Kati ya zile nafasi 64, takribani 30 huenda moja kwa moja kwa mabingwa wa konferensi. Zinazobaki hugawiwa na kamati ya uteuzi, na nyenzo ambayo imetumika kwa miaka mingi katika kazi hiyo ni kipimo cha ubora wa timu kinachoitwa RPI (Rating Percentage Index). Kipimo hicho kina sehemu tatu. Robo ni asilimia ya ushindi wako mwenyewe. Nusu nzima ni asilimia ya ushindi wa wapinzani wako. Robo ya mwisho ni ya wapinzani wa wapinzani wako. Maana yake ni kwamba robo tatu ya hesabu inategemea mechi ambazo timu ya mpwa wako haikuwamo uwanjani.

Tuchukue mfano wa kubuni, tena bila sare ili hesabu iwe nyepesi. Timu ya kwanza imeshinda 14 na kupoteza 4, yaani 0.778. Wapinzani wake kwa wastani wana 0.400, na wapinzani wa wapinzani wana 0.480. Ukipiga hesabu kwa mafungu niliyotaja unapata kama 0.514. Timu ya pili imeshinda 10 na kupoteza 8, yaani 0.556, lakini wapinzani wake wana 0.620 na wapinzani wa wapinzani 0.550. Hiyo inapata kama 0.586. Tofauti hiyo katika orodha ya RPI si ndogo. Inaweza kuwa pengo la makumi ya nafasi. Timu yenye vipigo vinane inaitwa, yenye ushindi 14 inabaki nyumbani.

Kamati haiangalii namba hiyo peke yake. Hutazama pia matokeo ya timu zilipokutana ana kwa ana, matokeo dhidi ya wapinzani wa pamoja, na ushindi dhidi ya timu zilizo juu katika orodha. Hata hivyo timu isiyo na ushindi hata mmoja dhidi ya timu kubwa huwa haina cha kuionyesha kamati, na nadhani hapo ndipo timu ya mpwa wako ilipokwama.

Refa Mstaafu alijibu:

Nijibu yale mawili ya mwisho, kwa kuwa la kwanza limepata mwenyewe.

Mpaka msimu wa 2021, mechi ya vyuo iliyokuwa sare dakika ya 90 iliongezwa vipindi viwili vya dakika 10, na bao la kwanza lilimaliza mechi papo hapo. Kuanzia 2022 muda wa nyongeza uliondolewa katika mechi za kawaida za msimu, na ndiyo maana sare ya mpwa wako iliishia pale. Katika mtoano wa kitaifa muda wa nyongeza bado upo, lakini vipindi vyote viwili huchezwa hadi mwisho, na ikibaki sare mikwaju ya penalti inafuata. Kwa maoni yangu mabadiliko hayo yalichelewa, kwa sababu timu nyingi hucheza Alhamisi na Jumapili. Kumchezesha msichana dakika 110 Alhamisi usiku, kumpandisha basi au ndege Ijumaa na kumtaka acheze tena Jumapili mchana hakukuwa haki kwa miguu yake, na sote tunajua jinsi majeraha ya mishipa ya goti yanavyowaandama wachezaji wanawake kuliko wanaume.

Ratiba hiyo ya siku mbili kwa wiki ndiyo pia inayoeleza ule utaratibu wa kubadilisha wachezaji ambao bila shaka umeuona. Mchezaji aliyetolewa kipindi cha kwanza harudi mpaka kipindi hicho kiishe, lakini kipindi cha pili anaweza kutolewa na kurudi mara moja tu. Makocha huutumia kuwapumzisha viungo na washambuliaji kwa zamu, na timu yenye benchi refu hupata faida kubwa ambayo haionekani kwenye msimamo.

Ama saa, ni kweli inaanza 45:00 na kushuka hadi sifuri. Inasimamishwa bao linapofungwa, penalti inapotolewa, kadi inapoonyeshwa, na wakati wowote mwamuzi anapotoa ishara, kwa mfano mchezaji anapoumia. Hakuna dakika za majeruhi. Sekunde 10 za mwisho mtangazaji wa uwanjani huzihesabu kwa sauti, na ikigonga sifuri mpira ukiwa hewani, hata kama unaelekea wavuni, hilo si bao. Kwa anayetoka kwenye soka la kawaida ni jambo la ajabu, lakini lina utamu wake. Katika fainali ya taifa ya wanawake ya 2022, mjini Cary, jimbo la Carolina Kaskazini, timu ya Chuo Kikuu cha North Carolina walikuwa wakiongoza 2–0 dhidi ya UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, zikiwa zimebaki kama dakika 10. UCLA walirudisha moja, kisha wakasawazisha kwa kichwa kutokana na kona zikiwa zimebaki sekunde 16, na kila mtu uwanjani alikuwa akiziona sekunde hizo ubaoni. UCLA walishinda 3–2 dakika ya 107. Katika soka lenye dakika za nyongeza zilizo kichwani mwa mwamuzi, ile kona ingepigwa kwa presha ya aina nyingine kabisa.

Bi. Nahodha alijibu:

Naheshimu maelezo ya Mchambuzi, ila naomba asitufanye tuamini kwamba mfumo huu ni wa haki kwa wote. Amesema makocha hupanga mechi za mwanzo kwa makubaliano. Ni kweli, lakini makubaliano yanahitaji pande mbili. Kocha wa chuo kidogo anaweza kupiga simu kwa vyuo vikubwa vyote na asipate mwenyeji, kwa sababu chuo kikubwa hakina cha kupata: kikishinda hakuna atakayekisifu, kikifungwa kinaharibu msimu wake. Akikubaliwa, atacheza ugenini, mara nyingi Agosti kabla wachezaji wake wapya hawajazoeana. Kisha Novemba anaambiwa ratiba yake ilikuwa nyepesi.

Zaidi ya hapo, timu zilizomo katika konferensi kubwa hupewa ratiba ngumu bila kuitafuta. Mwaka 2024 timu zote nne za nusu fainali ya taifa, yaani North Carolina, Duke, Wake Forest na Stanford, zilitoka konferensi moja, ACC (Atlantic Coast Conference). (Stanford iko California, na konferensi hiyo imebeba jina la pwani ya Atlantiki; jiografia ya michezo ya vyuo vya Marekani siku hizi haina aibu.) North Carolina waliifunga Wake Forest 1–0 na kutwaa taji. Sisemi hawakustahili. Nasema kwamba timu inayocheza mechi kama 10 dhidi ya majirani wa namna hiyo inaweza kupoteza nyingi na bado RPI yake ikapanda, na timu ya mpwa wa mwenzetu haikuwahi kupewa nafasi ya kupoteza mechi za aina hiyo.

Tena kuna jambo linaloniudhi: ukimfunga mpinzani wako, si unamshusha asilimia yake ya ushindi, na hivyo unajishusha mwenyewe?

Mchambuzi wa Pembeni alijibu:

Bi. Nahodha, hoja yako ya makubaliano naikubali kabisa, na hata makocha wenyewe wameilalamikia kwa miaka. Ila hilo la mwisho halipo. Asilimia ya mpinzani inapohesabiwa, mechi aliyocheza na wewe huondolewa. Kwa hiyo ukimfunga hujiumizi. Linalokuumiza ni yeye kuendelea kufungwa na wengine baada ya kuachana na wewe, na ndiyo maana wachezaji wa vyuo hujikuta Oktoba wanawashangilia wapinzani wale wale ambao wao wenyewe waliwashinda Agosti.

Kuhusu konferensi kubwa, ukubwa huo haukuanza na hesabu. Mashindano ya kwanza ya NCAA kwa wanawake yalifanyika 1982 kwa timu 12 tu, miaka 10 baada ya sheria ya Title IX iliyovizuia vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kubagua kwa jinsia. North Carolina chini ya kocha Anson Dorrance walikuwa wamekwisha kujenga timu wakati vyuo vingi havikuwa na timu ya wanawake kabisa, na wakakaa zaidi ya mechi 100 bila kufungwa mpaka Connecticut walipowashinda 1990. Waliowahi kuwekeza mapema bado wanavuna. Hata hivyo mlango haujafungwa: Santa Clara na Portland si vyuo vikubwa, wala havitoki katika konferensi za matajiri, na kila kimoja kimetwaa taji mara mbili.

Mjomba wa Kiungo aliandika:

Nawashukuru nyote. Sasa nimeelewa kwa nini kocha wao alionekana mwenye wasiwasi hata baada ya kushinda 5–0 mwezi Septemba. Nimeirudia ratiba yao: kati ya wapinzani 8 wa mwanzo, 5 walimaliza msimu wakiwa wamepoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Swali langu la mwisho ni hili: ratiba ya msimu ujao itakapotoka, mtu asiye mtaalamu kama mimi aangalie nini ili ajue mapema kama timu ina nafasi?

Refa Mstaafu alijibu:

Angalia mambo matatu, Mjomba, na wala huhitaji kikokotoo. Kwanza, wapinzani wa Agosti na Septemba walimalizaje msimu uliopita; si lazima wawe mabingwa, inatosha wawe timu zinazoshinda zaidi ya kufungwa, kwa sababu timu ya wastani mzuri inakusaidia kuliko timu dhaifu unayoifunga mabao 7. Pili, kama kuna angalau mechi mbili dhidi ya timu zilizoingia mtoano, hata ziwe ugenini. Tatu, hesabu ni wachezaji wangapi wa mwaka wa mwisho wameondoka, kwa sababu ratiba ngumu ikikutana na kikosi kichanga inageuka kuwa vipigo sita kabla ya Oktoba.

Na mechi hizo mbili ngumu zikichezwa, usitazame matokeo peke yake. Tazama nani yuko uwanjani dakika ya 70 Jumapili. Kama mpwa wako na viungo wenzake wa kwanza bado wanakimbia wakati kocha ana watu anaowaamini benchini, timu hiyo itafika Novemba ikiwa na miguu.

Bi. Nahodha alijibu:

Naongeza la nne: angalia kama konferensi yao huandaa mashindano yake nyumbani kwa timu iliyoongoza msimamo. Kama ni hivyo, kuongoza konferensi kunawapa nafasi ya kupigania ile tiketi ya moja kwa moja mbele ya mashabiki wao, na bingwa wa konferensi haulizwi RPI na mtu yeyote.