Miwa ya miezi minne ina kutu, nipige dawa au niache?

Mlima Miwa: Habari zenu wakuu. Nina ekari tatu za miwa huku bonde la Kilombero. Majani yameota vidoa virefu vya kahawia vyenye ukingo wa njano, na jana nimetoka kupalilia shati limeshika vumbi la rangi ya chungwa. Mwenye duka la pembejeo anasema nipige dawa ya ukungu mara tatu. Hela niliyonayo ni ya mbolea tu. Nahofia tani zangu, naombeni ushauri.

Mama Pingili: Pole sana. Geuza jani, pitisha kidole upande wa chini. Vumbi likibaki kidoleni, hiyo ni kutu, ugonjwa wa ukungu wa majani. Ukikuta vidudu vidogo vya njano, hao ni vidukari, na dawa ya ukungu haiwagusi. Madoa makavu kwenye majani yaliyozeeka yasikunyime usingizi.

Shamba la Babu: Mimi yalinikuta. Jani likikauka mapema, muwa unakuwa mwembamba na pingili fupi, tani zinapotelea hapo. Ila kutu ya kahawia hubana zaidi miwa michanga ya miezi 2 hadi 6, kwenye umande mwingi na ubaridi. Miwa ikikua, mara nyingi hujikwamua. Nilinunua dawa nikakosa ya mbolea, najuta mpaka leo. Umepanda aina gani?

Mlima Miwa: Sijui mkuu, mbegu nilichukua kwa jirani.

Mama Pingili: Na ya jirani ina kutu? Hapo ndipo pa kuangalia. Kutu husafiri na upepo, kwa hiyo hata ukichovya pingili za mbegu kwenye maji ya moto hujaizuia. Kinga yake ni aina yenye ukinzani. Waulize TARI Kibaha (kituo cha utafiti wa kilimo) au afisa ugani kabla hujapanda tena, na usijaze aina moja shamba zima. Mwaka 2000 Australia walikuwa wameitegemea mno aina moja ya muwa, Q124, kutu ya aina nyingine, ya rangi ya chungwa, ikaipiga, hasara ikawa kubwa mno.

Mlima Miwa: Asanteni sana. Leo alfajiri nimegeuza majani, umande haujakauka: vumbi lipo, vidukari hakuna, na majani mapya ya juu ni safi. Hela inaenda kwenye mbolea. Ya jirani nimeipitia pia, ina madoa yale yale, kwa hiyo mbegu yake sichukui tena.