Waasisi wa Marekani walichukia vyama? Acheni kutudanganya!

Wakuu, nimechoka na hizi sifa. Kila mjadala wa vyama ukipamba moto, lazima atokee mtu na ile hotuba ya kuaga ya George Washington, Septemba 1796, inayoonya juu ya ushabiki wa vyama, kisha atuambie tuwaige waasisi wa Marekani.

Tuwaige kwa lipi? Washington anaonya, baraza lake la mawaziri limeshapasuka kitambo! Mwaka 1791 Thomas Jefferson, Waziri wa Mambo ya Nje, alimpa Philip Freneau kazi ya ukalimani wizarani, mshahara dola 250 kwa mwaka. Mkalimani huyo akaanzisha gazeti, National Gazette, akawa anamshambulia Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa serikali ileile. Fedha ya umma hiyo! Na James Madison, aliyeandika kwa uchungu mwaka 1787 kuhusu hatari ya makundi, ndiye aliyeshirikiana na Jefferson kujenga chama.

Kinachoniuma zaidi ni Sheria ya Uchochezi ya 14 Julai 1798, iliyopitishwa na wafuasi wa chama cha Federalist, chama cha Hamilton na Adams. Ukichapisha uongo wa kumchafua Rais John Adams au Bunge, faini hadi dola 2,000 na jela hadi miaka 2. Makamu wa Rais je? Hayumo! Makamu alikuwa Jefferson, mpinzani wao, kwa hiyo yeye mchafueni mtakavyo. Tena wakaiwekea mwisho wa kutumika: 3 Machi 1801, siku moja kabla ya Rais wa awamu inayofuata kuapishwa, wapinzani wakishinda wasiwageuzie kibao. Hiyo ni sheria ya nchi au silaha ya chama?

Aliyeumia kwanza ni Matthew Lyon, mbunge wa Vermont. Kwa kuandika kwamba Adams anapenda makuu alifungwa miezi 4 na kutozwa dola 1,000. Wananchi wake wakamchagua tena akiwa ndani ya selo, na hapo nawavulia kofia.

Chuki hiyo haikupoa. Julai 1804 Aaron Burr, Makamu wa Rais aliyeko madarakani chini ya Jefferson, sasa Rais, alimpiga Hamilton risasi katika pambano la bastola la watu wawili, akafa kesho yake.

Sasa anayetaka kubisha aje na hicho kifungu cha tarehe 3 Machi, aniambie kilimlinda mwananchi gani.