Mjadala: Farasi wa utalii Nyanda za Juu Kusini, waje sasa au wasubiri?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, kwa muda sasa limekuwepo wazo, katika vikao vya vijana wa Makete na Mufindi na katika mazungumzo ya waongoza wageni wa Mbeya, kwamba vikundi vichukue mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri na kununua farasi, ili mgeni anayekuja kuona maua ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo au mashamba ya chai ya Mufindi apande mnyama badala ya kupanda gari. Wanaoliunga mkono wanasema baridi yetu inamfaa farasi, nyasi tunazo, na kinachokosekana ni uthubutu tu. Mimi nilikuwa mtaalamu wa mifugo wa kata kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nawapenda wanyama hawa, na nasimama upande wa pili. Farasi wasinunuliwe kwa fedha za mkopo mpaka kwanza kuwe na chanjo ya uhakika, banda la usiku na mtu anayejua kutunza kwato. Naomba nieleze kwa nini, kisha nanyi mnionyeshe nilipokosea.

Kinachonitia hofu ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Unaletwa na virusi vya aina 9, na anayevisambaza ni usubi, yule mdudu mdogo anayeuma jioni na kupotea kabla hujamwona. Farasi asiye na kinga akiupata, uwezekano wa kufa ni kati ya asilimia 70 na 95, na dawa ya kuutibu haipo. Pundamilia huubeba bila kuugua, na punda mara nyingi huupitisha mwilini mwake pasipo mwenyewe kujua. Mwaka 1987 ugonjwa huu ulifika Hispania kwa njia ya pundamilia waliotoka Namibia, na mwaka 2020 uliingia Thailand, nchi ambayo haikuwa imewahi kuujua, ukaua farasi zaidi ya 500. Huko walikuwa na maabara, madaktari na fedha.

Nimeuona mara moja kwa macho yangu, na hiyo mara moja imenitosha. Ilikuwa mwezi Machi, mvua zikiwa nyingi, katika shamba la mtu binafsi ambalo sitalitaja. Farasi jike wa rangi ya kahawia alikuwa amepandwa jana yake mchana, na jioni akala vizuri. Nilipofika asubuhi, vile vishimo vilivyo juu ya macho, ambavyo kwa farasi mzima huwa vimebonyea, vilikuwa vimejaa na kuvimba. Alikuwa amesimama ametanua miguu ya mbele, shingo ameinyoosha, anavuta hewa kwa ubavu mzima, na mapovu meupe yanamtoka puani. Kijana aliyekuwa akimtunza alikuwa anayafuta kwa shuka lake mwenyewe, akimaliza kufuta yanatoka mengine, na muda wote anamwita kwa jina. Kabla ya saa 6 mchana alianguka. Mkobani sikuwa na kitu chochote cha kumsaidia, na hata leo ningeitwa tena nisingekuwa nacho.

Wapo wanaosema farasi si mgeni kwetu. Ni kweli alishapita katika nchi hii, lakini tuangalie alipitaje. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wapanda farasi wa Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, waliteremka kutoka Arusha kwenda Kondoa na kuelekea katikati ya nchi, na farasi wao walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa huu na kwa nagana inayoletwa na ndorobo. Miaka 25 kabla ya hapo, tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, Iringa, mashujaa wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walipowavamia Wajerumani, husimuliwa kwamba kamanda wao Emil von Zelewski alichomwa mkuki akiwa juu ya punda. Hata mkoloni mwenye haraka zake alikuja Uhehe juu ya punda.

Sasa rudini kwenye mkopo. Kikundi cha vijana 10 kikikopa na kununua farasi wawili, halafu mvua za masika zikaja na usubi wake, mkopo utabaki na farasi atakuwa amezikwa. Ng'ombe akifa ghafla jirani ana wa kukuazima, na pikipiki ikiharibika vipuri vipo Makambako. Farasi akifa hakuna wa kuziba pengo lake, na jina la kikundi limekwishaandikwa kwenye daftari la wadaiwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mnyama wa jamii hiyo hiyo tunaye tayari na hatujamtendea haki. Nendeni barabara za kutoka mashambani siku ya kuvuna viazi. Punda anabebeshwa lumbesa 2, kamba ya katani imepita moja kwa moja juu ya uti wa mgongo bila hata gunia la kuzuia, na chini ya kamba kuna kidonda kibichi chenye upana wa kiganja ambacho inzi hawakiachi. Jumatatu kidonda kinapakwa majivu, Jumanne punda anabebeshwa tena. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na sijawahi kuona mtu akiulizwa juu ya kidonda hicho. Sisi tunaosema "punda afe mzigo ufike" tunataka kukabidhiwa farasi, mnyama ambaye ngozi yake ni laini kuliko ya punda na tumbo lake huharibika kwa kosa dogo la chakula.

Mchangiaji, Mbeya mjini

Shikamoo, mzee wangu. Nimesoma kwa makini na kisa cha yule farasi kimenigusa, lakini naomba kutofautiana na wewe kwa heshima.

Mimi ni mwongoza wageni. Kitulo iko kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, na mwezi Juni na Julai asubuhi tunakuta barafu juu ya majani. Usubi hupenda joto na unyevu wa mabondeni, kwa hiyo hatari uliyoieleza haiwezi kuwa sawa huko juu na ilivyo Usangu au pembezoni mwa Ruaha. Wabasotho wa Lesotho wako milimani na wanapanda farasi tangu enzi za mfalme wao Moshoeshoe katika karne ya 19, hadi leo mtu anakwenda dukani na zahanati akiwa juu ya farasi wake. Ethiopia, nchi ya miinuko kama yetu, ndiyo yenye farasi wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, na wanalima nao na kubeba mizigo. Nairobi wanashindana mbio za farasi pale Ngong. Na hapa hapa nchini Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, Dar es Salaam kwenye joto na mbu. Kama farasi anaishi Dar es Salaam, kwa nini afie Matamba, jirani na Kitulo?

Jambo la pili, mzee wangu, ni kwamba kila kitu kipya tuliambiwa kitakufa. Ng'ombe wa maziwa wa Friesian alipopelekwa shamba la mifugo la Kitulo hakuwa mwenyeji wa mahali pale, na leo nani anashangaa kumwona? Chanjo ya ugonjwa huo inatengenezwa Afrika Kusini, si mwezini. Mgeni anakaa kwetu usiku mmoja kisha anakwenda zake kaskazini kwa sababu tunachompa ni kutembea na kupiga picha. Tukisubiri mpaka kila kitu kikamilike, wajukuu zetu ndio watakaofungua mjadala huu upya. Kuhusu punda naungana na wewe kabisa, ila sioni kwa nini farasi aadhibiwe kwa makosa tunayomfanyia punda.

Mleta mada

Marahaba, mwanangu. Umejenga hoja vizuri, na nikiri kwamba kuhusu baridi una haki zaidi yangu. Usubi hupungua kadiri unavyopanda, na farasi akikaa Kitulo mwaka mzima bila kushuka hatari yake itakuwa ndogo. Lakini farasi wa biashara hakai juu. Atapakiwa kwenye lori Mbeya au Makambako, atapita mabondeni usiku, na wageni wakiadimika mwenye kikundi atamshusha Chimala kwenye harusi ili apate fedha za marejesho. Barafu ya Julai haimlindi farasi anayelala bondeni mwezi Machi.

Mifano yako yote ni ya kweli, na yote ina kitu kimoja ambacho hukukigusa. Farasi wa polisi ana daktari, ana banda na ana askari wanaolipwa mshahara kumtazama. Friesian wa Kitulo alikuja kwa gharama ya serikali, akiwa na josho na wataalamu wake. Mbasotho amejifunza kwa baba yake, na baba yake kwa babu. Sisi tunataka kuanza na kikundi cha mkopo, bila hata mmoja aliyewahi kushika kisu cha kwato, na kwato za farasi zinataka kupunguzwa kila baada ya wiki 6 hadi 8. Chanjo haiko mwezini, hilo ni kweli. Lakini ni virusi hai vilivyodhoofishwa, inaingizwa nchini kwa kibali, inatakiwa kukaa kwenye baridi safari nzima, na hurudiwa kila mwaka. Kikundi cha Matamba kitaagiza chupa ngapi kwa farasi wawili?

Nipendekeze njia nyingine, nanyi mnikosoe. Mkopo huo uanze na punda. Kila punda ashonewe tandiko la magunia lililojazwa majani makavu, lenye mfereji katikati ili uti wa mgongo usiguswe, na apewe mkokoteni wenye nira ya kifuani. Wageni watembee kwa miguu katika njia za vijijini nje ya mpaka wa hifadhi, kwa maana ndani yake kibali ni cha Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na punda wabebe mahema na maji. Vijana watajifunza kwato, meno, minyoo na vidonda kwa mnyama anayevumilia makosa ya mwanafunzi. Thamani ya punda inatambuliwa hata huko juu, kwani Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kusitisha biashara ya ngozi yake kwa miaka 15. Kikundi kitakachofuga punda 6 kwa miaka 3 bila kidonda hata kimoja, mimi mwenyewe nitasimama mbele ya halmashauri kukiombea farasi.

Na farasi huyo akija, kuna swali moja la kila siku ambalo naomba wewe, mwongoza wageni, unijibu, kwa kuwa mimi silijui jibu lake. Usubi huanza kuuma jua likielekea kuzama, kwa hiyo ifikapo saa 11 jioni farasi anatakiwa awe bandani, mlango umefungwa na wavu mwembamba uko dirishani. Saa hiyo ndiyo mgeni wako amefika ukingoni, Bonde la Usangu liko chini yake, mwanga umekuwa wa dhahabu na kamera iko mkononi. Nani atamwambia ashuke?