Uzi: Timu ya besiboli ikihamishwa ligi, utani wa jadi unapimwaje?

SautiYaJioni (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naandaa kipindi cha sauti cha dakika 40 kuhusu besiboli ya Marekani, kwa Kiswahili. Mada ni timu zinazohamishwa kutoka National League kwenda American League au kinyume chake, na kinachoupata utani wao na majirani. Wasikilizaji wengi wamelelewa na mpira wa miguu, wakisikia "imehama ligi" wanadhani timu imeshuka daraja.

Naomba ushauri: nichukue mfano upi, nikusanye namba zipi ili nisiishie kwenye porojo za "mashabiki walikasirika", na mitego iko wapi? Mpaka sasa nimepanga kulinganisha mahudhurio ya mwaka mmoja kabla ya kuhama na mwaka mmoja baada yake, basi.

KifaruWaKona

Mkuu, huo mpango wa mwaka mmoja kabla na mmoja baada utupe leo hii. Houston Astros walitoka National League wakaingia American League mwaka 2013. Msimu wa 2012 walishinda mechi 55 na kupoteza 107. Msimu wa 2013 wakashinda 51 na kupoteza 111. Mahudhurio ya nyumbani yalikuwa takriban watu milioni 1.6 kila mwaka. Ukizisoma hizo namba hivihivi utatangaza kwamba kuhama ligi hakukubadili kitu, kumbe ulichopima ni ubovu wa timu. Wachezaji wa maana walikuwa wameshauzwa, kikosi kinajengwa upya kuanzia chini. Watu hawaendi uwanjani kuona timu yao ikifungwa, awe mtani au mgeni.

Hilo la kushuka daraja lieleze dakika ya kwanza. Ligi hizi mbili ziko ngazi moja, hakuna kupanda wala kushuka, na mabingwa wake hukutana World Series. Kabla ya tarehe 12 Juni 1997 timu za ligi mbili hazikukutana kabisa kwenye msimu wa kawaida. Kwa hiyo wakati ule kuhama ligi kulikuwa sawa na kumuaga jirani. Siku hizi kuhama kunamaanisha kuongezewa au kupunguziwa mechi naye, na hapo ndipo pa kuanzia.

Hesabu ya ratiba ni hii. Kuanzia 2013 hadi 2022, ukiacha 2020 ya korona, timu ilicheza mechi 19 na kila mwenzake wa divisheni (kundi dogo la kijiografia ndani ya ligi, si daraja). Wako wanne, ni mechi 76. Timu nyingine za ligi yake ziligawana mechi 66, na za ligi ya pili 20. Jumla 162. Mwaka 2023 mechi za divisheni zikashushwa hadi 13 kwa kila mpinzani, na kila timu ikaanza kukutana na zote 29 zilizobaki. Usipoiweka hii ya 2023 kwenye jedwali lako, utadhani utani umepoa kumbe ratiba ndiyo imekatwa.

Mdau_Arlington

Kama wasikilizaji wako wengi wako Texas, mfano ni Houston, wala usihangaike kutafuta mwingine. Houston na Arlington, mji wa Texas Rangers, ziko umbali wa kama kilomita 400, na umbali huo haukubadilika hata hatua moja. Kilichobadilika ni idadi ya mechi: kabla ya 2013 Astros na Texas Rangers walikutana kwa kawaida mara 6 kwa mwaka, baada ya hapo mara 19.

Eleza kwa nini walihama, maana hawakuomba. National League ilikuwa na timu 16, American League 14. Divisheni ya kati ya National ilikuwa na timu sita, ya magharibi ya American nne. Maana yake ukiwa Houston unagombea nafasi moja na wenzako watano, ukiwa Arlington na wenzako watatu tu. Jim Crane alipotaka kuinunua Astros mwaka 2011, kukubali kuhama likawa sharti, naye akapunguziwa bei kwa dola milioni 70. Zikawa 15 kwa 15. Na kwa kuwa 15 haigawanyiki kwa mbili, kila siku timu zote zikicheza, lazima kuwe na mechi moja inayovuka ligi. Mechi hizo zikaacha kuwa sherehe za wiki chache, zikasambazwa msimu mzima.

Mashabiki wa Houston walilalamika hasa mambo mawili. Kwanza sheria: American League ilikuwa na mpigaji maalumu anayepiga badala ya mrushaji tangu 1973, National haikuwa naye. Hilo limekwisha tangu 2022, sheria ni moja. Pili saa: mechi inayoanza saa 1:10 usiku Seattle, Houston ni saa 3:10 usiku, na mara nyingi inaisha karibu na saa sita. Mtoto wa shule haioni. Hilo lipo mpaka leo, na watu huwa hawalitaji.

Sasa utani wenyewe. Mwaka 2013 Rangers walishinda mechi 17 kati ya 19. Huo haukuwa utani, kilikuwa kipigo. Ulipoanza kuwaka ni 2015: Rangers walimaliza 88 kwa 74 (ushindi 88, vipigo 74) wakachukua divisheni, Astros 86 kwa 76. Halafu Agosti 2017 kikaja kimbunga Harvey. Mechi tatu za Houston dhidi ya Rangers hazikuweza kuchezwa pale. Astros walitaka wabadilishane na mechi za Septemba, Rangers wakakataa, wakasema njooni tu mcheze kwetu tarehe zilezile. Astros nao wakakataa. Mechi zikapelekwa St. Petersburg, Florida, zikachezwa mbele ya viti vingi vitupu. Watu wa Houston wanaikumbuka kuliko matokeo ya uwanjani.

Kilele ni 2023. Timu zote mbili 90 kwa 72, Astros wakapewa divisheni kwa sababu ya kushinda 9 kati ya 13 walizokutana. Wakakutana tena kugombea ubingwa wa American League: Rangers wakashinda zote nne zilizochezwa Houston, Astros wakashinda zote tatu za Arlington. Mwenyeji hakushinda hata mechi moja! Rangers wakaenda kuchukua World Series mbele ya Arizona.

PopoWaUsiku

Ongezea kwamba hao jamaa ni mahasimu tangu 1962, Texas imegawanyika miaka yote.

Mdau_Arlington

Hapana ndugu. Houston ilianza 1962, ila Rangers walifika Arlington 1972 wakitokea Washington. Na hawakukutana kwenye mechi ya msimu wa kawaida hadi 2001. Miaka 29 majirani wa jimbo moja bila mechi hata moja inayohesabika kwenye msimamo. Kwenye kipindi iseme hivyohivyo, inabeba mada yako kuliko maneno mengi.

BintiWaTakwimu

Nikupe njia ya kupima, SautiYaJioni. Ingia Retrosheet, tovuti ya kumbukumbu za besiboli, pakua faili za kumbukumbu za mechi, ni bure, mwaka mmoja faili moja. Kila mstari ni mechi moja na safu zake zimetenganishwa kwa koma. Unazohitaji ni safu ya 1 tarehe, ya 3 siku ya wiki, ya 4 timu mgeni, ya 7 mwenyeji, ya 10 na 11 matokeo, ya 17 uwanja, ya 18 mahudhurio. Astros ni HOU, Rangers ni TEX. Chicago wako wawili, usiwachanganye: Cubs ni CHN, White Sox ni CHA.

Chukua misimu 10 kabla na 10 baada, halafu toa 2020, hakukuwa na watazamaji msimu wa kawaida, na 2021 iweke pembeni kwa sababu viwanja vingi vilianza msimu na idadi ndogo. Kwa kila mechi ya watani tafuta vitu vitatu.

Cha kwanza, uwiano wa mahudhurio. Usilinganishe na wastani wa msimu, maana mechi za kuvuka ligi kabla ya 2013 zilirundikwa wikiendi za Mei na Juni, na wikiendi hujaza viti hata mgeni akiwa nani. Linganisha Ijumaa na Ijumaa, Jumanne na Jumanne, ndani ya mwezi uleule na uwanja uleule. Mfano wa kubuni: Ijumaa za Juni dhidi ya mtani wastani 34,000, Ijumaa nyingine za Juni 28,000. Gawa, unapata 1.21. Mtani anaongeza asilimia 21.

Cha pili, pengo la msimamo siku ya mechi. Chukua tofauti ya ushindi, jumlisha na tofauti ya vipigo, gawa kwa mbili. Kwa ile 88 kwa 74 na 86 kwa 76 ni 2 jumlisha 2, gawa kwa 2, pengo ni mechi 2. Mechi ya Septemba yenye pengo lisilozidi 5 ipe alama. Hesabu ngapi zipo kila msimu.

Cha tatu, idadi ya mechi zenyewe. Ukizidishiwa mechi kutoka 6 hadi 19, uwiano wa kila mechi unaweza kushuka huku jumla ya watu waliokwenda kumwona mtani ikipanda. Toa namba zote mbili. Ukitaja moja tu unamdanganya msikilizaji, hata kama hukukusudia.

Mitego midogo: mahudhurio yanayotangazwa ni tiketi zilizouzwa, si watu waliokaa. Siku ya mechi mbili kwa tiketi moja, idadi inaweza kuandikwa kwenye mechi moja na nyingine ikaachwa sifuri, kwa hiyo ondoa sifuri kabla ya kupiga wastani. Na safu ya 17 usiidharau. Zile mechi za Harvey zinasomeka Astros ni wenyeji, wakati uwanja ni wa Florida. Septemba 2008 kimbunga Ike kiliwapeleka Astros Milwaukee kuwa "wenyeji" wa Cubs, watu waliojaa pale ni wa Chicago, na Carlos Zambrano, mrushaji wa Cubs, akamaliza mechi bila kuruhusu hiti (mpigo unaomfikisha mpigaji kituoni) hata moja. Ukiiingiza hiyo kama mahudhurio ya Houston, umeharibu mstari mzima.

MzeeWaMilwaukee

Nisikilizeni na mimi. Houston ni mfano mzuri wa utani uliozaliwa, ila hauonyeshi uliokufa. Kwa hilo nenda Milwaukee.

Brewers, timu ya huko, walikuwa American League hadi 1997. Mwaka 1998 ziliongezwa timu mbili mpya, Arizona na Tampa Bay, mmoja kila ligi. Hesabu ikagoma: 15 kila upande wakati ule ungelazimisha mechi ya kuvuka ligi kila siku, jambo ambalo wenye timu hawakulitaka. Ikabidi mmoja avuke. Kansas City waliulizwa kwanza, wakakataa. Milwaukee wakakubali Novemba 1997, na mkuu wa besiboli wa wakati huo kwa kukaimu, Bud Selig, ndiye ambaye familia yake ilimiliki Brewers. Watu walisema mengi juu ya hilo, na sidhani walikosea kuuliza. Lakini mjini kwenyewe wazee wengi walifurahi: Milwaukee ilikuwa na Braves wa National League kuanzia 1953, mabingwa wa 1957, wakahamishiwa Atlanta baada ya msimu wa 1965. Kwao ilikuwa kurudi nyumbani.

Walichopoteza ni White Sox na Minnesota Twins, wote majirani, wote waliokuwa divisheni moja nao 1994 hadi 1997. Kwenye ratiba ya sasa White Sox wanakutana na Brewers mara 3 kwa mwaka. Mara tatu! Hapo hakuna utani, ni salamu tu. Twins wana mechi 6 kwa kuwa wamepangiwa kama jirani wa ligi ya pili.

Walichopata ni Cubs, kilomita kama 150 kwa barabara. Hapa kuna mtego ambao BintiWaTakwimu hakuutaja: uwanja wa Milwaukee ukijaa dhidi ya Cubs, sehemu kubwa ni watu wa Chicago waliopanda gari. Mahudhurio yanapanda, furaha ya mwenyeji haipandi. Na mwaka 2001 Brewers walifungua uwanja mpya wenye paa linalofunguka, mahudhurio yakaruka hadi milioni 2.8. Ukilinganisha 1997 na 2001 utaipa National League sifa ambayo ni ya saruji na paa.

Ushahidi bora ni mechi zenye uzito. Tarehe 1 Oktoba 2018 zote mbili zilikuwa 95 kwa 67, wakacheza mechi ya 163, ya ziada ya kuamua divisheni, kule Wrigley Field, uwanja wa Cubs, Brewers 3, Cubs 1. Novemba 2023 kocha wa Brewers, Craig Counsell, aliyekulia kitongoji cha Milwaukee, akahamia Cubs, na tangu hapo anazomewa kila akirudi. Oktoba 2025 wakakutana kwenye mchujo, Brewers wakashinda mechi 3 kwa 2. Kuhama ni 1998, mechi ya 163 ni 2018. Miaka 20.

SautiYaJioni

Asanteni sana. Naona nipangue kila kitu: dakika 20 Houston, 12 Milwaukee, zilizobaki mfumo. Je, na upande uliopotezwa na Houston niutafute? Na niguse habari za timu kuongezwa hadi 32?

Mdau_Arlington

Uutafute. St. Louis Cardinals. Walikutana na Astros mara 15 hadi 18 kwa mwaka kwenye divisheni ya kati, na mara mbili mfululizo waligombea ubingwa wa National League: 2004 Cardinals 4 kwa 3, 2005 Astros 4 kwa 2. Sasa ni mechi 3 kwa mwaka. Endesha hesabu ileile kwa SLN, ndio Cardinals kwenye Retrosheet, uiweke sambamba na TEX.

KifaruWaKona

Ya 32 iguse kwa dakika moja. Rob Manfred, mkuu wa besiboli, amesema hadharani kwamba timu zikiongezwa atapenda zipangwe upya kijiografia. Miji haijachaguliwa, kwa hiyo usichore ramani yoyote. Wape swali tu: Cubs na White Sox, Yankees na Mets, wakiwekwa divisheni moja wakutane mara 13, wataitaka hiyo?

BintiWaTakwimu

Moja la mwisho. Ukiamua kutumia kanzidata ya Lahman badala ya Retrosheet, Brewers wamegawanywa: ML4 hadi 1997, MIL kuanzia 1998. Ukitafuta MIL peke yake, miaka yote ya kabla ya kuhama inapotea, na programu haitakuonya.