Sensa za kupima upepo wa tairi kwa pikipiki ya zamani: za juu ya valvu au za ndani?

Wakuu, naomba ushauri. Nina BMW R1150RT ya 2003, enzi hizo haikuja na sensa za upepo. Juzi natoka Dar kwenda Iringa, mama watoto kakaa nyuma, kabla ya kupanda mlima Kitonga nikahisi mkia unacheza. Kusimama na kupima, tairi la nyuma lina upepo wa psi 20 badala ya 42. Msumari!

Sensa za kufunga juu ya valvu hata mimi naziweza, ila nahofia uzito wake utaipinda valvu ya mpira nikiwa kasi (na wezi wa mjini nawajua). Za ndani lazima tairi lifunguliwe, betri ikifa lifunguliwe tena.

Nikiweka valvu za chuma, za nje zitatosha? Na skrini ya kusomea upepo mnaifunga wapi isilowe?