RAV4 inapoza ikitembea, nikiingia foleni inapuliza joto. Naweza kuitengeneza AC mwenyewe nyumbani?

BabaPacha
Wakuu habari za jioni. Nina RAV4 ya 2003, AC yake inanitesa kwelikweli. Nikiwa natembea, tuseme Kilwa Road usiku hakuna gari, inapoza safi mpaka mama watoto anaomba nipunguze, ila mchana nikinasa foleni ya Mtongani haipiti muda inaanza kupuliza upepo wa moto, inabidi tushushe vioo tule moshi wa daladala. Nilipeleka kwa fundi mmoja akasema gesi imepungua, akaongeza, akala elfu 70 yangu, ikaenda vizuri kama wiki mbili hivi afu hali ile ile. Nimemrudia anasema tena gesi. Sasa kuna vile vikopo vya gesi madukani vina mpira na kigeji juu, mtandaoni naona watu wanajijazia wenyewe uani kwao wanamaliza. Nina spana, nina multimita, breki na plagi nabadilisha mwenyewe. Je hii naiweza au ntaua kompresa, ile pampu ya gesi ya AC? Naombeni muongozo wadau.

Spana14
Mkuu usinunue hicho kikopo kwanza, subiri.

Gesi ya AC sio petroli kwamba inatumika inaisha. Mfumo umefungwa, kama imepungua basi kuna mahali inavuja, na fundi anayeongeza gesi bila kutafuta panapovuja anakutengenezea urudi kwake. Ila wewe dalili yako hata sio ya gesi moja kwa moja. Inapoza ikitembea, haipozi ikisimama, hapo mtu wa kwanza kushikwa ni feni. Ile kondensa, kile kirejeta chembamba kinachokaa mbele ya rejeta, kazi yake ni kutupa nje joto lililotolewa ndani ya gari. Ukitembea upepo wa barabarani unakusaidia, ukisimama inategemea feni peke yake. Feni isipozunguka presha ya upande wa juu inapanda, swichi ya presha inakata kompresa isipasuke kitu, na wewe ndani unapulizwa joto. Sasa ukiongeza gesi juu ya hapo presha inapanda zaidi, yaani unazidisha ugonjwa.

Fanya hivi kesho asubuhi injini ikiwa ya baridi. Washa gari, washa AC weka baridi ya mwisho, fungua boneti. Sikiliza kwanza klachi ya kompresa, inatakiwa ipige "tak" na ile sahani ya mbele ianze kuzunguka pamoja na puli. Isiposhika, hapo ndo unaanza habari za fyuzi, rilei na gesi. Ikishika, angalia feni. RAV4 yako ina feni mbili, ukiwasha AC zote mbili zizunguke. Kama zimelala umeshapata jibu na hujatoa hata mia. Mikono iwe mbali lakini, feni ya umeme haipigi hodi.

Wakati huo huo shika mabomba mawili ya AC kwa mkono (angalia usiguse eksozi). Bomba nene linalorudi kwenye kompresa liwe la baridi na lina majimaji ya jasho, jembamba liwe la vuguvugu mpaka moto. Bomba nene likiwa halina baridi yoyote na kompresa inashika inaachia, inashika inaachia kila baada ya sekunde kadhaa, hapo ndo ntaanza kukubaliana na fundi wako kuhusu gesi.

Na filta ya ndani umewahi kuiangalia? Ipo nyuma ya ile droo ya mbele ya abiria kama gari yako imewekewa, unabana kuta za droo inashuka yenyewe. Nimeshatoa filta humo zina manyoya ya kuku, sijui yalipitia wapi.

MtotoWaTandika
Mnasumbuana tu, kuna jamaa huku mtaani anaweka gesi ya kupikia, elfu ishirini umemaliza na inapoza kuliko hiyo ya dukani. Bodaboda anakuletea mtungi hapo hapo.

Spana14
@MtotoWaTandika ni kweli inapoza, propani ni gesi nzuri ya kupozea, hakuna anayebisha. Tatizo evapoleta, ile inayopoza upepo wa ndani, iko ndani ya dashibodi mbele ya magoti ya abiria. Ikitoboka, gesi inajaa kwenye kabini mmefunga vioo, mtu anawasha sigara au swichi tu inatoa cheche. Hata ajali ndogo ya mbele kondensa ndo ya kwanza kupasuka, nayo iko karibu na waya na vitu vya moto. Pia fundi mwingine akija kuunga mashine yake hapo bila kujua, amechafua mtungi wake wote wa R134a, ile gesi ya kawaida ya AC za magari. Kama umeshawekewa, angalau mwambie fundi anayefuata asije akashika tochi ya kuchomelea hapo.

Pwani_Mombasa
Nipo Mombasa, naongeza kidogo. Huku kwetu chumvi inakula kondensa vibaya, zile pezi za aluminiamu zinakuwa unga ukigusa na kidole. Boss kabla ya kulaumu gesi toa grili ya mbele umulike na tochi, mara nyingi utakuta pale katikati ya kondensa na rejeta kumejaa vumbi, wadudu na mifuko. Osha na mpira wa kawaida wa maji, ukiweza mwaga kutokea upande wa injini kuja mbele ili uchafu utoke ulikoingilia. Usitumie mashine ya kuoshea magari kwa karibu, inalaza zile pezi na ukishazilaza upepo haupiti tena. Hiyo kazi haitaki fundi wala pesa. Gari ya bro ilipona kwa maji tu.

BabaPacha
Nimerudi wakuu. Nimefanya kama Spana14 alivyosema. Kompresa inashika vizuri. Feni ZOTE mbili zimelala, AC imewashwa zimetulia kimya. Ila cha ajabu nikaacha gari inaunguruma mpaka ikapata moto, feni moja ya upande wa dereva ikaanza kuzunguka kwa nguvu, ya pili bado imelala. Nimebadilishana rilei na ya honi hakuna kitu. Filta nimeitoa, sitasema nilichokikuta. Sasa feni zote mbili zimekufa au moja? Mbona moja inazunguka ikitaka?

Spana14
Safi sana, na umeuliza swali zuri. Toyota nyingi za umri huo zenye feni mbili zimeungwa hivi: spidi ndogo, ile ya AC, umeme unapita feni ya kwanza ndo uende ya pili, kwa mfululizo. Moja ikikatika mota, umeme hauna pa kupita na nyingine inalala nayo japo ni nzima. Spidi kubwa kila feni inapewa umeme wake, ndo maana ile nzima ikaamka injini ilipopata moto. Kwaiyo mgonjwa wako ni mmoja, ile isiyozunguka kabisa.

Hakikisha kabla ya kununua. Zima gari toa funguo, chomoa soketi ya hiyo feni, chukua waya mbili moja iwe na fyuzi, ipe volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Isipozunguka igonge kidogo mgongoni na mpini wa bisibisi huku ina umeme, ikiamka ukigonga ujue kaboni za ndani zimeisha. Kuna mafundi wa mota wanabadilisha kaboni, ila kwa feni mi naona bora uende Gerezani, kule Dar kwenye maduka ya spea, utafute iliyotumika, uipime pale pale dukani na betri yao kabla hujatoa hela, usikubali maneno ya "hii nzima kabisa bosi". Ikizunguka sikiliza beringi, ikivuma kama nyuki iache.

BabaPacha
Feni nimefunga wakuu. Ilikuwa imekufa kweli, hata kuigonga haikustuka. Sasa ukiwasha AC zinaamka zote mbili polepole, na leo nimekaa foleni ya mchana kabisa vioo juu. MUNGU AWABARIKI. Ila bado sio baridi ile ya kutetemeka, naona kama kuna upungufu. Na wakati nimetoa grili nikaona kwenye ungio la bomba linaloingia kondensa kuna mafuta mafuta yameshika vumbi, sehemu nyingine zote kukavu. Hapo sasa kikopo vipi?

Spana14
Hapo ndo panavuja. Gesi inatembea na oili ya kompresa, ikitoka inaacha doa. Paka povu la sabuni ya kuoshea vyombo gari ikiwa imezimwa, uone kama linatoa mapovu. Pima pia zile valvu mbili za kujazia chini ya vifuniko vyake, zenyewe huwa zinavuja kimya kimya.

Kuhusu kikopo naona uishie hapo kwa mikono yako, na sikudharau. Kile kigeji kinasoma upande wa chini tu, na presha haikwambii gesi ni kiasi gani. Gari ikiwa imezimwa kwa joto la nyuzi 30, R134a inasoma kama psi 97, na itaendelea kusoma hivyo hivyo iwe imejaa sawasawa au imebaki robo, mradi kuna gesi ya majimaji humo ndani. Kinachotakiwa ni uzito. Gramu zimeandikwa kwenye stika chini ya boneti, na kwa vile hujui zimebaki ngapi, huwezi kujua uongeze ngapi. Na vile vikopo vyenye dawa ya kuziba panapovuja usiguse kabisa, dawa inaganda kwenye ekspansheni valvu (ile tundu nyembamba gesi inapopita kuingia evapoleta) na kwenye mashine za mafundi.

Tafuta fundi mwenye mzani na pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa na unyevu wote kwenye mfumo. Mwambie aivute gesi iliyobaki kwenye mtungi sio kuimwaga hewani, abadilishe oringi (ule mpira wa duara wa kuzibia) ya hilo ungio aweke ya kijani ya AC, sio oringi yoyote ya bomba la maji. Apime na naitrojeni, asitumie upepo wa kujazia tairi maana una unyevu, na oksijeni ndo kabisa hapana, ikikutana na oili ni mlipuko. Avute vakyumu nusu saa mpaka dakika 45, afunge, muangalie sindano ya geji kama inarudi. Isiporudi ndo ajaze kwa gramu. Kama anakwambia "mi najua kwa kushika bomba tu" aga vizuri uondoke.

Dada_Aqua
Samahani nadandia uzi. Mimi nina Toyota Aqua, ile haibridi, dalili zangu kama za huyu kaka, naweza kufuata hizo hatua?

Spana14
Dada yangu, kuosha kondensa, kubadili filta na kuangalia feni sawa. Zaidi ya hapo hapana. Kompresa ya Aqua haina belti, inaendeshwa na umeme wa betri kubwa ya volti 144, zile waya za rangi ya chungwa usiziguse. Afu muulize fundi anaweka oili gani. Kompresa za umeme zinatumia ND-11, akikuwekea PAG ya gari za kawaida insulesheni ya mota ya ndani inaharibika, gari inaanza kukuletea taa ya kosa kwenye dashi.

Dada_Aqua
Duh. Wangu alikuja na chupa moja anamwekea kila mtu. Ngoja nimpigie.