Tupeane uzoefu: umewahi kusikiliza albamu ya huzuni mwanzo hadi mwisho bila kuruka wimbo?

Zamu_ya_Usiku (mleta mada)
Wakuu, habari za wikendi. Niko Marekani, jimbo la Minnesota, nalea wazee zamu ya usiku. Mwenzangu wa zamu, kijana wa Duluth, saa tisa usiku akanipa upande mmoja wa hedifoni: sikiliza, hawa ni wa kwetu. Bendi inaitwa Low, albamu *I Could Live in Hope*, ya 1994.

Nilidhani simu yake ina tatizo. Gitaa linaguswa, linaachwa. Unasubiri. Linaguswa tena. Mwanamke, Mimi Parker, anapiga ngoma kwa brashi, amesimama, na vyombo vyake unavihesabu kwa vidole. Mumewe, Alan Sparhawk, yuko kwenye gitaa. Wanaimba wote wawili. Miaka hiyo grunge, roki ya magitaa makali, ndiyo ilikuwa inatamba, kila mtu anapiga kelele, wao wakaamua kwenda polepole. Ukumbi ukiwa na makelele, walikuwa wanapunguza sauti badala ya kuongeza!

Kuna wimbo, *Lullaby*, unakaribia dakika kumi. Ulipofika katikati nilikuwa koridoni na beseni la maji ya vuguvugu. Nikasimama. Maji yakapoa, nikarudi kuchukua mengine.

Mwaka ule nilimzika mama kwa video ya simu. Nimekaa kitandani na koti, nyumbani wanatupa udongo, mtandao unakatakata. Pole zilikuja nyingi, na maneno mengi. Muziki huu haukuniambia kitu. Ulikaa tu, kama wale wazee wa mtaani wanaokuja msibani, wanakaa mkekani hadi jioni na hawajasema zaidi ya "pole" moja.

Haya, leteni zenu.

Sato_Mbichi
Pole sana mkuu. Hiyo Duluth nimeitafuta kwenye ramani, kumbe iko kando ya Ziwa Superior. Nakubali kwa shingo upande kwamba ziwa lao limelizidi letu: kilomita za mraba kama 82,000, Victoria 68,000 na ushee.

Nimeisikiliza jana, umeme umekatika Mwanza, nimekaa nje. Usiku wa giza, taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga ziwani kama mji mwingine. Ukaingia wimbo unaoitwa *Sea*. Sina la kuongeza, ila simu ilibaki asilimia nne na sikuizima.

Mkokoteni
Nisameheni, mimi nimeshindwa. Dakika kumi tu mke wangu kauliza toka jikoni, "hiyo redio betri zimeisha?"

Na kweli. Enzi za kaseti, betri zikikaribia kufa, kaseti inavuta, mwimbaji anakuwa kama kalewa. Tunazitoa tunazianika juani, au unaziuma kwa meno, unapata nyimbo mbili zaidi. Marehemu baba alikuwa anasikiliza rumba hivyohivyo, limevutika, na ole wako uguse redio. Anaangalia ukuta.

Ngoja niweke tena.

Binti_Mkongwe
Kaka, pole kwa bi mkubwa. Sie tuliolelewa na taarab asilia, wimbo wa dakika kumi hautushtui; fidla inazunguka weee kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Lakini taarab inajaza: fidla, ganuni, udi, akodiani. Hawa wametoa kila kitu wakabakisha pumzi. Na huyo mke anapoingia kwenye sauti ya mumewe, hamfuniki.

Nimesikiliza na wangu, siku ya tatu hatusemeshani (mambo ya nyumbani). Kila mtu na pembe yake ya kitanda. Hatukupatana usiku ule, msidhani. Ila alinyanyuka akanigeuzia feni.

Wa_Rongai
Mimi nilianza na bendi nyingine ya namna hii, Duster, albamu yao *Stratosphere* ya 1998. Nikajaribu kuiskiza kwa matatu, kosa kubwa. Kuna spika chini ya kiti, kondakta anagonga bodi, hata hedifoni hazisaidii. Muziki huu unataka mlango ufungwe. Jina lenyewe la mtindo huu, slowcore, nasikia wapigaji wengi hawakulipenda. Sishangai, linakaa jina la dawa ya kikohozi.

Zamu_ya_Usiku
Mkokoteni, tupe mrejesho.

Aliyeniuliza inbox kama bado wanapiga: hapana. Mimi Parker alifariki tarehe 5 Novemba 2022, saratani ya ovari, miaka 55. Walikuwa wamepiga pamoja karibu miaka 30. Habari ilipotoka, yule kijana alikuja kazini kama kawaida, akatundika koti, akaanza kukunja mashuka. Nami nikakunja.

Saa tisa akaweka simu juu ya kabati la dawa, sauti chini kabisa. Tukafika *Sunshine*, wa mwisho kwenye albamu. Ni ule wimbo wa zamani, *You Are My Sunshine*, ambao huku wanawaimbia watoto, ila Low wameuburuta kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Bibi wa chumba cha karibu, ambaye wakati mwingine jina la mwanawe humtoka, alikuwa macho. Naye akaanza kuimba, kwa kasi yake ya utotoni, akawaacha nyuma. Akamaliza, wao bado wako katikati, akauliza chai inakuja saa ngapi.